Besi Isiyo na Spika

Jioni ile Dada Pasi alipoingia nyumbani alimkuta baba yake ameegemeza paji la uso kwenye ubavu wa friji, macho kayafumba, na roho ikamruka. Alidhani mzee kazidiwa. Alitupa mkoba kitini, akamshika bega, na mzee akashtuka, akamtazama, akatabasamu kidogo kwa aibu. Kusema alikuwa ameacha siku nyingi.

Friji yenyewe ilikuwa kuukuu, ya kunguruma. Ikianza kazi, vikombe vilivyopangwa juu yake vilitetemeka na taa ya sebuleni ikafifia. Dada Pasi alikuwa ameichukia friji ile tangu alipoinunua kwa mtu, na mara nyingi alitamani ife apate sababu ya kuitupa. Lakini kabla hajamgusa baba yake alikuwa ameona kitu kimoja. Vidole viwili vya mkono wa kulia wa mzee, cha shahada na cha kati, vilikuwa vinatembea juu ya paja lake, kimoja baada ya kingine, polepole na kwa hesabu. Mkono wa kushoto nao ulikuwa umekunjwa hewani, umeshika kitu kisichokuwapo. Mzee alikuwa anapiga besi, na friji ndiyo iliyokuwa ikimpa mlio.

Dada Pasi akaenda jikoni, akabandika sufuria, akasimama pale akaangalia maji hadi yakakauka yote.

Jina la Dada Pasi lilitoka kazini. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, amesimama nyuma ya meza ileile tangu asubuhi hadi jioni, na wateja waliomjua kwa miaka hawakuwahi kumuuliza anaitwa nani hasa. "Dada Pasi, suruali yangu tayari?" Basi, ikawa hivyo. Umri wake ulikuwa umefika pale ambapo majirani wanaacha kuuliza utaolewa lini na kuanza kukuonea huruma, jambo lililomuudhi zaidi ya maswali. Aliishi na baba yake katika vyumba viwili na sebule, mama akiwa ameshatangulia, na hakuona kama kuna la kuonewa huruma hapo.

Baba mtu yeye alikuwa na majina mawili ya utani, na yote yalimfaa. Ujanani aliitwa Nyuzi Nne, mpiga besi wa bendi iliyojaza ukumbi kila mwisho wa wiki. Mpiga besi, kwa asiyejua, ni yule anayesimama nyuma karibu na ngoma na picha zikipigwa yeye hatokei. Mwimbaji anatunzwa, mpiga solo anapigiwa vigelegele, na yeye wa besi ndiye anayewainua watu vitini bila wao kujua ni nani kawainua. Nyuzi Nne alilijua hilo na halikumkera. Kilichomkera kilikuwa kimoja, kwamba gitaa halikuwa lake. Vyombo vyote vilikuwa mali ya tajiri wa bendi, kuanzia ngoma hadi waya za spika, na kila onyesho likiisha vilikaguliwa na kufungiwa stoo. Ujana wake wote mzee alipiga gitaa la mtu.

Bendi ilipokufa, kwa ugomvi uleule unaoua bendi zote, tajiri alikuja na pikapu kuzoa mali yake. Wenzake walikaa ukutani wamenuna. Nyuzi Nne aliomba jambo moja tu, alibebe lile gitaa mwenyewe mpaka garini. Alilifuta vumbi kwa upindo wa shati alilovaa, akalilaza juu ya magunia, akasimama barabarani hadi pikapu ikapotea. Marehemu mkewe alikuwa akisimulia, kwa kucheka, jinsi shati lile lilivyokaa nyuma ya mlango bila kuruhusiwa kufuliwa. Alikuwa akicheka, lakini shati hakulifua.

Jina la pili alilipata kwenye mashine ya kusaga, alikokwenda kutafuta riziki na akadumu huko mpaka uzee. Waliomwita Mzungu wa Mashine hawakuwa na makosa, maana hakuna aliyewahi kumwona kazini ila akiwa mweupe kuanzia kope hadi kandambili. Alikuwa akiweka kiganja ubavuni mwa mashine na kujua nyundo ipi humo ndani imelegea. Masikio yake yalianza kuziba humohumo, wala hakuna aliyegundua. Mashineni kila mtu hupiga kelele, na mwenye kusikia na asiyesikia wote husoma midomo. Hata yeye mwenyewe hakujua. Alipoacha kazi, akarudi kukaa kwenye nyumba tulivu, ndipo utulivu ukazidi kiasi.

Uziwi wake ulikuwa wa ajabu kidogo. Wengi wakipoteza masikio hupaza sauti. Yeye sauti yake ilishuka, ikashuka, mpaka akawa mtu wa kunong'ona. Alijisikia mwenyewe vizuri mno kichwani, kwa hiyo hakuona haja ya kupaza. Watu walimwambia arudie, naye hakusikia kwamba ameambiwa arudie, na mazungumzo yakafia hapo.

Dada Pasi alimpeleka kwa daktari wa masikio, mama mmoja mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Daktari alipiga kijichuma chenye ncha mbili kama uma, akakishika mbele ya sikio la mzee. Mzee akabaki anamtazama. Akakipiga tena, safari hii akakikita shina lake kwenye mfupa nyuma ya sikio, na mzee akainua kidole haraka, uso mzima umemfunguka.

"Umeona?" daktari alimwambia Dada Pasi. "Vile vifupa vidogo vya ndani vimekakamaa. Ni kama mlango umegoma kufunguka. Lakini ukutani bado sauti inapita."

"Sasa tunafanyaje, daktari?"

"Kuna upasuaji, ila hapa kwetu haufanyiki. Jaribuni kifaa cha kuvaa sikioni."

Kifaa kilinunuliwa. Kilimpigia mluzi sikioni, kikampa maumivu ya kichwa, na baada ya muda kikaenda kulala kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha na funguo za makufuli yasiyojulikana yalipo. Ukimpigia mzee kelele sikioni alisikia kidogo, ila alichosikia ni kelele. Kelele haina mwenyewe. Aliyempigia akawa jirani, akawa kondakta, akawa mwanawe wa kumzaa, kwake zote zilikuwa moja, na juu yake aliona sura iliyokunjamana. "Naona tu watu wananikasirikia," alisema siku moja kwa ule mnong'ono wake.

Ndipo likaja neno lililomkaa Dada Pasi rohoni. Walikuwa wanakunja nguo kitandani, yeye upande huu wa shuka na mzee upande ule.

"Jana nimekuota," mzee alisema. "Ulikuwa unaniita kutoka nje. Lakini sauti ilikuwa ya mama yako." Akalinganisha pembe za shuka vizuri. "Yako siikumbuki tena."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayetaja kitu alichosahau kununua sokoni, na pengine hilo ndilo lililouma zaidi. Kesho yake Dada Pasi alilia kazini, mbele za watu, na hakuna aliyejua. Mvuke wa pasi una faida zake. Mzee naye tangu siku ile maneno yakazidi kumpungukia, ikawa kutikisa kichwa, ikawa kuonyesha kwa mkono, mwisho ikawa kimya. Alikuwapo, anakula, ananawa, anafunga milango usiku, lakini kwa binti yake ilikuwa kama mtu aliyesafiri akaacha koti lake kwenye kiti.

Ndiyo maana vidole vile viwili juu ya paja vilimsimamisha mbele ya sufuria. Mzee hakuwa ameisha. Alikuwa ndani ya nyumba, amejikalia kwenye chumba kimoja kilichobaki na taa, na mlango wa chumba hicho ulikuwa besi. Kama angeweza kumpatia besi, aliwaza, pengine na yeye angeweza kupita.

Shida ni kwamba Dada Pasi alijua gitaa kama kuku anavyojua gazeti.

Alianzia pabaya, duka la vyombo vya muziki lenye vioo tangu chini hadi juu. Muuzaji alimwonyesha besi iliyoning'inia ukutani, akamtajia bei, na Dada Pasi akamuuliza kwa utulivu kama hiyo ni pamoja na duka. Muuzaji hakucheka. Dada Pasi akatoka zake.

Aliyemwokoa ni mteja wake, mpiga tarumbeta mmoja aliyeitwa Mashavu kwa sababu zilizoonekana wazi. Mashavu alikuwa akileta mashati ya bendi yao kila wiki, na kila wiki alilalamika kuhusu kola. Safari hii, kabla hajaanza kulalamika, Dada Pasi alimuuliza besi nzuri ya bei nafuu inapatikana wapi.

"Wewe unataka kuacha pasi?" Mashavu alishangaa.

"Ya baba yangu. Zamani alikuwa anaitwa Nyuzi Nne."

Mashavu aliweka mfuko wa mashati chini polepole. "Nyuzi Nne yupo hai?"

"Yupo. Hasikii."

Mashavu aliegemeza viwiko mezani. "Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa nasimama nje ya ukumbi," alisema. "Nilikuwa naegemea ukuta. Muziki ulikuwa hausikiki vizuri nje, ila besi ya baba yako ilikuwa inakuingia mgongoni." Akajifuta uso. "Sikiliza, dada. Besi nzuri ya bei ndogo ipo, lakini haikai dirishani. Rangi isikudanganye. Rangi ni kama pasi yako, inamsitiri hata aliyekonda. Wewe angalia shingo. Nyuzi zinanunuliwa, waya zinaungwa, vitufe vinabadilishwa. Shingo ikipinda, hizo ni kuni."

"Nitajuaje imepinda?"

"Hutajua. Nitakuja na wewe."

Wakazunguka. Ya kwanza ilikuwa kwa bwana mmoja aliyeiweka sebuleni juu ya kochi kama mgeni wa heshima, nyekundu, inang'aa mpaka unaweza kuchania nywele. Dada Pasi aliipenda palepale. Mashavu akafumba jicho moja, akaitazama kwa urefu wake jinsi seremala anavyokagua ubao, akairudisha kochini kwa adabu. "Tutakupigia, mzee wangu," alimwambia mwenye gitaa. Nje akasema, "Ile shingo inakwenda kona." Ya pili walikuta imeuzwa. Ya tatu ilikuwa gitaa la kawaida lililong'olewa nyuzi mbili, na mwenye kuliuza alishikilia kwa kiapo kwamba nyuzi nne ni besi, kwani besi ni nini tena? Mashavu alicheka mpaka akaishiwa pumzi, yeye ambaye pumzi ndiyo kazi yake. Dada Pasi hakucheka. Kila walipokosa aliona mzee anazidi kwenda mbali, na hofu yake ilikuwa kwamba siku atakayoipata hakutakuwa na mtu wa kumpa.

Mwisho wakapata habari za fundi redio mmoja mwenye besi mbili za kuuza. Mashavu alikuwa na onyesho siku hiyo. "Mchukue mzee mwenyewe," alisema. "Yule hanihitaji mimi."

Dada Pasi alisimama mbele ya baba yake, akainua vidole vinne, kisha akaigiza kupapasa gitaa, vibaya sana, kama mtu anayejikuna tumbo. Mzee alimtazama. Akaenda chumbani. Alirudi amevaa koti lake la heshima, lile la misibani, na viatu vimefutwa.

Kibanda cha fundi redio kilikuwa chembamba na kirefu, kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo, na harufu ya risasi ya kuungia waya. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mnene aliyekaa katikati kwa namna ambayo kila kitu alikifikia bila kuinuka. Dada Pasi alimwamkia, akasema shida yake, na fundi akazitoa zote mbili. Moja nyeusi, karibu mpya. Nyingine ya rangi ya kahawia, imechubuka kwenye mabega, na mgongoni ina kiraka cha ubao ambacho hata aliyekitia hakujali kukificha. Mwenye hiyo, fundi alieleza, aliileta kutengenezwa, akahama mji, akapiga simu kusema iuzwe tu.

Fundi akaichomeka ile nyeusi kwenye spika, akaifungulia sauti mpaka bisibisi zikacheza mezani. "Sikia hiyo, mzee!"

Mzee alinyoosha mkono akachomoa waya. Spika ikanyamaza. Akaketi kwenye stuli, akaliinua gitaa, akainamisha kichwa na kuuweka mfupa wa taya juu ya pembe ya mbao ya gitaa, ile iliyochongoka hadi kifuani mwake. Akagusa uzi mmoja, ule mnene. Akangoja kidogo. Akatikisa kichwa, akalirudisha.

"Dada," fundi alinong'ona, "mzee anataka kulila?"

"Mwache."

Akachukua ile ya kahawia. Taya juu ya mti, kidole juu ya uzi. Akaupiga mara moja tu, akaacha. Dada Pasi alisikia mlio mdogo mkavu, ukaisha mara hiyohiyo. Lakini mzee hakunyanyua kichwa. Alikaa vilevile, macho amefumba, na uzi ulikuwa bado unatetemeka, unaonekana kama uzi uliovimba, na wala hakuna mlio wowote kibandani. Alingoja mpaka ukatulia kabisa. Kisha akaupiga wa pili.

Fundi, kwa kuwa biashara ni biashara, akataja bei. Haikuwa mbaya, lakini kwa mshahara wa pasi ilikuwa nzito. Mzee, taya juu ya mti, hakujibu. Fundi akakohoa. "Basi, mzee wangu, tuseme imepungua kidogo." Akapunguza. Mzee kimya, uso wa mawe, kidole kikahamia uzi wa tatu. Fundi akajifuta jasho. Alikuwa ameshapatana na wakorofi wa kila aina, wenye kutukana na wenye kuondoka kisha wakarudi, ila huyu wa kufumba macho hakuwahi kumwona. Akapunguza tena. Akapunguza kwa mara nyingine, bila kuombwa na mtu. "Mzee, unaniua sasa," alisema kwa huzuni ya kweli.

Dada Pasi angeweza kunyamaza. Bei ilikuwa imeshafika mahali pazuri, na kimya kingine kidogo kingeishusha zaidi. Lakini fundi alikuwa anahangaika, na yeye hakuweza.

"Fundi," alisema, "hasikii. Hajakusikia tangu mwanzo."

Fundi alimtazama, akamtazama mzee. Kisha akaanza kucheka, tumbo lote linacheka, mpaka machozi. "Yaani nimepatana na nafsi yangu peke yangu?" Alipotulia, akaangalia ile taya juu ya mti, na kicheko kikamwishia chenyewe. "Mpe. Bei hiyohiyo ya mwisho. Mimi mwenyewe ndiye niliyeitaja."

Mzee alifungua macho. "Hili," alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya muda mrefu kiasi kwamba Dada Pasi hakuwa na hakika kama kweli kalisikia.

Alilibeba mwenyewe hadi nyumbani, hakukubali kupokewa. Walipofika, akavua koti, akalifuta vumbi gitaa kwa upindo wa shati alilovaa. Dada Pasi aliliona hilo, akajifanya anatafuta kiberiti.

Spika hawakununua, na haikuhitajika. Kila siku mzee alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, ameinamia besi yake, taya juu ya mti, na vidole vikatembea. Ndani ya kichwa chake palikuwa na ukumbi mzima umejaa watu. Sebuleni palisikika tiki, tiki, tiki, kama mtu anayegonga kucha juu ya meza. Sasa aliyekuwa kiziwi ni Dada Pasi. Alikaa kwenye kochi akimtazama baba yake anavyosikia, na hakuambulia chochote.

Mwanzo alifurahi. Mzee alinenepa kidogo usoni, akaanza kunyoa ndevu, akawa anaamka mapema. Mashavu alikuja kumwona, akakaa sakafuni, akaweka kiganja juu ya mti na kutikisa kichwa kwa mapigo, akaondoka macho mekundu. Lakini neno halikurudi. Lile "Hili" la kibandani likawa la kwanza na la mwisho. Mzee alikula haraka, akashukuru kwa kichwa, akarudi dirishani. Siku zilivyokwenda furaha ya Dada Pasi ikachachuka. Alikuwa amezunguka mji mzima kumtafutia baba yake mlango, na baba ameingia, na ameufunga kwa ndani. Ile sauti ya ndotoni bado ilikuwa ya mama. Alimwonea wivu ubao wenye kiraka, na akajionea aibu kwa wivu huo.

Kisha ikaja siku ya shati.

Lilikuwa jeupe, la karani mmoja wa benki, mtu wa kupenda makuu. Dada Pasi hakuwahi kuunguza nguo ya mteja. Ilikuwa ndiyo sifa yake, sifa pekee aliyokuwa nayo mjini. Siku hiyo mawazo yalikuwa nyumbani, kwenye ile tiki, tiki, na alipozinduka pasi ilikuwa imekaa mahali pamoja na harufu imeshatoka. Alama ilikuwa mgongoni, ya rangi ya chai, umbo la pasi kamili, hata mtoto angejua ni nini. Karani alisema yote aliyotaka kusema, mbele ya wateja wote, na kila alilosema lilikuwa na haki yake. Mwenye duka alilikunja tu lile shati taratibu. Hilo lilikuwa baya zaidi.

Alirudi nyumbani na jambo hilo kooni. Mtu anaporudi na jambo la namna hiyo anahitaji wa kumwambia, si wa kumpa dawa, wa kumsikia tu na kusema aa, pole. Alifungua mlango. Tiki, tiki, tiki. Mzee alikuwa dirishani, amempa kisogo.

Alisimama hapo mlangoni na mkoba wake, na hasira ikampanda. Alitaka kumnyang'anya lile gitaa. Alikwenda hadi kwenye kiti akiwa na nia hiyohiyo, mikono ameshainyoosha. Akaishika mbao kwa mikono miwili, na chini ya viganja vyake besi ilikuwa hai, inanguruma kwa ndani kuliko friji, mnguromo mzito na mtamu uliompanda mpaka viwikoni. Hakuwahi kuishika ikipigwa. Miezi yote hiyo alikuwa ameisikiliza kwa masikio.

Akakumbuka kile kijichuma, na kidole cha mzee kikiinuka.

Alipiga magoti sakafuni. Mzee alisimamisha vidole, asijue anataka nini, lakini taya hakuiondoa. Dada Pasi akainama, akaweka meno yake kwenye ukingo wa mti, upande ule wenye kiraka. Ulikuwa na ladha ya vumbi na chumvi. Hakuwa ameandaa neno lolote. Lililokuwapo kooni ndilo lililotoka, kwa sauti yake ya kawaida, bila kelele.

"Baba, leo nimeunguza shati la watu."

Mzee hakusogea. Dada Pasi alihesabu kwamba ameshindwa, na alikuwa karibu kuinuka.

"La nani?" mzee alinong'ona.

Machozi yalikuwa yanamtiririka Dada Pasi juu ya mti, na meno yanagongana na mbao, na hilo nalo bila shaka mzee alilisikia.

"La karani wa benki. Jeupe. Mgongoni kabisa, baba. Kanisema mbele za watu wote."

"Aa," mzee alisema. "Pole, mwanangu."

Alikuwa amefumba macho. Mdomo ulikuwa unamcheza, unajaribu jambo, unaliacha. "Ni nzito kidogo," alisema mwisho. "Ya mama yako ilikuwa nyembamba. Yako inakwaruza mwanzoni, halafu inanyooka. Ulikuwa hivyo hata ulipokuwa mdogo. Nilisahauje?"

"Sijui, baba."

"Sema tena. Sema chochote."

Naye akasema. Alimweleza jinsi pasi ilivyokaa, na harufu, na mwenye duka alivyolikunja lile shati taratibu. Alimweleza habari za Mashavu na kola zake, na bwana wa gitaa la nyuzi mbili zilizong'olewa, na friji, na lile duka la vioo. Nje kulikuwa kunaanza kuwa giza na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Mara moja aliinamisha bega vibaya, akagusa uzi mmoja, ukalia, ukafunika maneno yake.

Mzee akaulaza mkono juu ya nyuzi zote nne, akazikandamiza kwa upole zisitoe mlio wowote, akaendelea kumsikiliza mwanawe.